Taa za Mbele za Gari Kuukuu: Kabla ya Kununua Zinazong'aa Zaidi

Mazungumzo kwa wamiliki wa magari madogo, madereva na mafundi wa Kitale na Bungoma

Mazungumzo ya leo yanahusu kitu ambacho mwenye gari hukikumbuka jioni, jua likiwa limezama nyuma ya Mlima Elgon na yeye bado ana safari ya kilomita hamsini mbele yake. Mchana hakuna anayeuliza habari za taa. Ikifika saa mbili usiku, katikati ya Kamukuywa na Misikhu, mvua ikinyesha na lori likija upande wa pili, hakuna kingine anachofikiria dereva.

Chukueni mfano wa mwalimu mmoja wa Kiminini. Mwalimu huyu ni wa mfano tu, ila wengi humu ukumbini watamtambua, maana wana gari kama lake na barabara kama yake. Ana Toyota Corolla ya mwaka 1998, na yeye ni mwenyewe wa tatu au wa nne. Injini haina neno. Gari hilo hupeleka watoto shuleni, hubeba mahindi, na kila mwezi humfikisha yeye na mkewe kwa mama mzee karibu na Bungoma. Ijumaa moja wanatoka Kitale wakiwa wamechelewa, wanakwenda matangani. Wakipita Misikhu wanakuta trekta limeharibika barabarani na trela la miwa nyuma yake, halina taa, halina riflekta, halina hata tawi la mti la kuonya. Mwalimu analiona likiwa limebaki umbali wa nyumba mbili. Anakata usukani, gari linayumba kwenye kokoto za ukingo, linasimama. Watoto nyuma wanaamka wakilia. Hakuna aliyeumia.

Kesho yake kila mtu ana ushauri. Shemeji anamwambia anunue ksenoni. Kijana wa bodaboda anamwambia LED ndiyo habari ya mjini, balbu mbili tu na usiku unakuwa mchana. Fundi mmoja anajitolea kumfungia spotlaiti nne juu ya bampa. Mwalimu ana pesa kidogo za kutumia, na Januari iko karibu na karo yake. Afanye nini kwanza?

Kabla ya kumjibu, ni vizuri kuijua hesabu ya barabara. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Dereva aliye macho huhitaji kama sekunde moja na nusu tangu kuona hadi mguu kukanyaga breki, na hapo mita 33 zimekwisha kupita bure. Breki nzuri kwenye lami kavu zitahitaji mita nyingine 35 hivi. Jumla ni karibu mita 70. Lami ikilowa, jumla hiyo inakaribia mita 100. Sasa taa za dimu za kawaida, hata zikiwa mpya na zimepangwa sawasawa, humwonyesha dereva mtu aliyevaa nguo nyeusi kwa umbali wa mita hamsini hivi, wakati mwingine pungufu. Kwa hiyo anayekwenda 80 kwa dimu usiku anaendesha gari ndani ya giza ambalo bado hajaliona. Kwa kilomita 60, jumla ya kusimama kwenye lami kavu ni kama mita 45. Hilo mguu wa dereva unaweza kulirekebisha leo hii bila kununua chochote, na hakuna balbu sokoni inayofanya kazi kubwa kuliko hiyo.

Hata hivyo, taa za mwalimu zilikuwa mbovu kweli.

Gari la umri ule lilitoka kiwandani likiwa na balbu za halojeni, na mengi ya aina hiyo hutumia ile iitwayo H4, yenye tambi mbili ndani ya kioo kimoja, mmoja wa dimu na mwingine wa fulu. H4 si kitu cha jana. Ilianza kutumika mwaka 1971, miaka tisa baada ya balbu ya kwanza ya halojeni ya magari, H1, kutokea huko Ulaya. Kwa vipimo vya kimataifa, H4 ya volti 12 hutumia wati 60 kwenye fulu na wati 55 kwenye dimu, na hutoa mwanga wa lumeni 1,650 na 1,000. Shikeni tarakimu hizo, zitahitajika tukifika dukani. Mamilioni ya watu wamesafiri usiku kwa lumeni 1,000 kila upande na wakafika. Basi mwenye Corolla akiona taa zake ni kama kibatari, swali la kwanza ni wapi mwanga wake umepotelea.

Mahali pa kwanza ni kioo cha mbele cha taa. Kinaitwa kioo, lakini kwa magari mengi ya miaka hiyo na ya baadaye ni plastiki ngumu. Kikitoka kiwandani kimepakwa utando wa kukikinga na jua. Miaka ishirini ya jua la juu ya milima, vumbi la barabara za mashamba na matambara makavu ya kuoshea gari humaliza utando huo, na plastiki inageuka manjano na kuwa na ukungu. Mwaka 2018 chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilipima taa za namna hiyo kikakuta zilizochakaa vibaya zinatoa asilimia 20 tu ya mwanga wa taa mpya. Maana yake, mwalimu angeweza kununua balbu ya ghali kuliko zote Kitale, na sehemu kubwa ya mwanga wake ingebaki imefungiwa ndani ya plastiki ya manjano, au ingetoka ikiwa imetawanyika na kumpiga machoni anayekuja.

Kusafisha ni kazi ya nusu siku. Taa inazungushiwa utepe wa karatasi ili rangi ya gari isikwaruzwe, kisha inasuguliwa kwa msasa wa maji, kwanza namba 800, halafu 1500, halafu 2000, maji yakimiminwa wakati wote, na mwisho polishi. Inapotoka kwenye msasa wa kwanza inaonekana imeharibika kabisa, nyeupe kama barafu, na wengi hushtuka wakaachia hapo. Isiachwe. Ikifika polishi inarudi kuwa angavu. Lililo la lazima, na ambalo mafundi wengi wa kando ya barabara hulisahau, ni kupaka tena utando wa kukinga jua baada ya polishi. Bila huo, manjano hurudi baada ya miezi michache. Habari ya dawa ya meno ni ya kweli nusu: hung'arisha kwa sababu ina chembe za kusugua, ila haiachi kinga yoyote, na furaha yake ni ya wiki chache. Vipimo vile vya AAA vilionyesha kwamba kusafisha vizuri hurudisha mwanga hadi asilimia 70 hivi ya upya wake. Kutoka 20 hadi 70, kwa msasa na jasho.

Mahali pa pili hapaonekani kwa macho, na hapa ndipo fundi mwenye mita ya umeme anapostahili malipo yake. Waya za gari la miaka ishirini na zaidi zimepitisha umeme, joto na mvua nyingi. Viungo vina kutu ya kijani. Waya wa athi umeshikiliwa na skrubu moja iliyooza kwenye bodi. Swichi ya usukani, ambayo kwenye magari mengi ya zamani hubeba mzigo wa taa zote, imeungua kidogo ndani. Kila kizuizi hula sehemu ya volti. Injini ikiwa inanguruma, kwenye betri mita inaweza kusoma volti 14, na nyuma ya balbu ikasoma 12 na nukta kadhaa. Mtu atasema volti moja na nusu ni kitu gani. Kwa taa ya halojeni ni kitu kikubwa, maana mwanga wake haupungui sambamba na volti, unaporomoka. Volti zikipungua kwa asilimia 10, mwanga hupungua kwa karibu asilimia 30.

Dawa yake ni rilei mbili, fyuzi, na waya mpya nene za kutoka betri moja kwa moja hadi kwenye taa, pamoja na athi mpya. Swichi ya zamani inabaki na kazi ndogo ya kuamuru rilei tu. Fundi wa umeme wa magari anayejua kazi yake huimaliza kwa asubuhi moja, na vifaa vyake havina bei ya kutisha. Ni kazi isiyo na sifa, haionekani, hakuna jirani atakayeisifu. Kwa gari la mwalimu, pengine ndiyo ingeleta tofauti kubwa kuliko zote.

Hapo tena ndipo hatari inapojificha. Wapo wanaoruka rilei na kuweka balbu za wati 100 kwa 90, zinazouzwa wazi. Mbili zikiwaka fulu zinavuta karibu ampea 17 mahali palipotengenezewa ampea 10. Plagi ya plastiki nyuma ya balbu inayeyuka, bakuli linalong'aa ndani ya taa linababuka kwa joto, fyuzi inakatika. Fyuzi ikikatika mara ya pili, mtu anaweka kubwa zaidi, au anaziba kwa kipande cha waya. Fyuzi kazi yake ni kukatika ili waya usiungue. Ikizibwa, kinachobaki kuungua ni gari, na huenda watoto wamelala kiti cha nyuma.

Basi baada ya kusafisha na kutengeneza waya, mwalimu anunue balbu. Na anunue mbili, hata kama moja bado inawaka, maana ya zamani imekwisha kufifia na upande mmoja kuwa hafifu humdanganya dereva kuhusu ukingo wa barabara. Halojeni ya kawaida kutoka kampuni inayojulikana inamtosha. Kuna halojeni zilizoandikwa kwamba zinatoa mwanga zaidi kwa asilimia mia na kuendelea. Si uongo mtupu: zinatumia wati zilezile, na zinarusha mwanga zaidi sehemu fulani ya barabara, lakini tambi zake hufanya kazi kwa joto kali zaidi na huisha mapema. Anayesafiri usiku mara mbili kwa mwezi atazifurahia. Dereva wa kila usiku atachoka kuzibadilisha. Zile za samawati zinazoigiza ksenoni heri kuziacha dukani. Rangi ile imepakwa juu ya kioo, na kazi ya rangi ni kuzuia sehemu ya mwanga isitoke. Mtu analipa zaidi ili aone kidogo. Na wakati wa kufunga, kioo cha balbu kisiguswe kwa vidole. Mafuta ya ngozi huungua juu yake na kuipasua.

Sasa ksenoni na LED, ambazo ndizo zilizowaleta vijana hapa leo.

Ksenoni ya kiwandani ilianza kuuzwa kwenye magari mwaka 1991, na taa za dimu za LED zilikuja mwaka 2007 kwenye Lexus. Zote mbili ni taa nzuri sana zikiwa ndani ya taa zilizotengenezewa. Ksenoni yenye wati 35 hutoa lumeni karibu 3,000, zaidi ya mara mbili ya halojeni. Lakini gari lililotoka nazo kiwandani lina lenzi yake, lina bakuli lake, na katika nchi za Ulaya sheria hulidai pia kifaa cha kuishusha taa yenyewe mzigo ukizidi nyuma, na cha kuosha taa, kwa sababu mwanga mwingi hivyo ukipita kwenye matope hutawanyika na kuwapofusha wengine.

Bakuli la taa ya halojeni limechongwa kwa kipimo cha milimita kufuata mahali utambi ulipo. Chini ya utambi wa dimu wa H4 kuna kikombe kidogo cha chuma kinachozuia mwanga usipande juu, na hicho ndicho kinachochora ule mstari mnyoofu unaoonekana ukutani. Ukitoa utambi mdogo ukaweka kitu chenye umbo jingine, ambacho mwanga wake unatoka sehemu pana au umesogea milimita mbili, bakuli halijui liufanye nini. Mwanga unakwenda juu mitini, pembeni, na puani mwa gari, na hapo puani ndipo unapomdanganya mwenyewe. Lami ya mita kumi za mwanzo inang'aa kama meza. Jicho linazoea mng'ao huo na kujifunga, na kule mbali kwenye trekta la miwa panakuwa peusi kuliko zamani. Dereva anajisikia anaona vizuri zaidi wakati anaona karibu tu.

Hii haina maana kwamba LED za kubadilisha zote ni takataka. Ujerumani, nchi inayojulikana kwa ukali wa vipimo, iliruhusu ya kwanza mwezi wa Oktoba mwaka 2020, lakini kwa magari yaliyojaribiwa moja moja na kuandikwa kwenye orodha. Kitu kidogo kinachong'aa hakikuruhusiwa kuingia kila gari. Kwa maduka ya huku, mnunuzi anayeshikilia LED lazima atazame ikiwa vipande vinavyowaka ni vyembamba na vimekaa palepale ulipokaa utambi wa halojeni, na kama kile kikombe cha chini kimewekwa. Ikifungwa, vipande vitazame kulia na kushoto, si juu na chini. Feni ya nyuma iwe na nafasi, na mpira wa kuzuia maji urudi mahali pake, la sivyo mvua za Kitale zitaingia ndani ya taa na bakuli litapata kutu kabla ya mwaka kwisha. Redio ikianza kukwaruza kila taa zikiwashwa, hiyo ni dalili ya kifaa cha bei ya chini. Na boksi likiandikwa lumeni 20,000, turudi kwenye tarakimu za mwanzo: H4 halali hutoa 1,000 kwa dimu. Aidha maandishi ni ya uongo, na mara nyingi ndivyo yalivyo, au ni ya kweli, na basi heri hata zaidi yasiwekwe kwenye gari.

Ksenoni za kufunga, zile za vijisanduku viwili na waya, ni shauri baya zaidi kwa Corolla ya mwalimu. Zinahitaji msukumo wa zaidi ya volti 20,000 kuwashwa, zinachukua sekunde kadhaa kufikia nguvu yake, na katika bakuli la halojeni hutawanya mwanga kuliko kitu kingine chochote. Kila mtu hapa amekutana nazo akitoka Webuye kwenda Bungoma.

Na ni wakati wa kumtazama yule anayekuja. Barabara ile inabeba malori ya kwenda Malaba usiku kucha, na kando yake kuna watu wa miguu, ng'ombe waliochelewa zizini, mama anayefunga kibanda, na kijana wa baiskeli asiye na taa. Dereva anayepigwa na mwanga mkali haoni kitu kwa sekunde kadhaa, na kwa kilomita 80 kila sekunde ni mita 22. Mzee wa miaka 60 anapata ndani ya jicho lake karibu thuluthi moja tu ya mwanga anaoupata kijana wa miaka 20, na akipofushwa anakawia zaidi kurudi. Wazee wengi bado wanaendesha. Katikati ya Kanduyi na Musikoma barabara imegawanywa na magari hayakutani uso kwa uso, lakini kwingine kote pua zinapishana kwa nafasi ya mita moja au mbili. Kumpofusha dereva wa lori ni kumwalika aingie upande wako.

Sheria nayo ipo. Kifungu cha 55 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kinataka gari na vifaa vyake vyote, taa zikitajwa kwa jina, viwe katika hali isiyowaletea hatari wengine barabarani. Spotlaiti nne juu ya bampa, zikiwashwa mbele ya gari jingine, hazina utetezi hapo. Polisi wa trafiki anaweza kulizuia gari, na mkaguzi wa Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi, NTSA, anaweza kulikataa. Bima pia, ikitokea ajali, huwa na macho makali kwa vitu vilivyoongezwa.

Kilichobaki kwa mwalimu ni kupanga taa, na kazi hii haina gharama isipokuwa ukuta. Ukuta wowote mnyoofu unafaa, wa ghala, wa shule au wa nyumba, mradi mbele yake pawe tambarare. Magurudumu yajazwe upepo, dereva akae kitini, tangi liwe nusu au zaidi. Gari lisogezwe hadi karibu kabisa na ukuta, na kimo cha katikati ya kila taa kichorwe kwa chaki. Kisha lirudi nyuma mita 10 na dimu ziwashwe. Mstari wa juu wa mwanga uwe chini ya alama za chaki kwa sentimita 10 hivi, au kumi na mbili. Taa iliyo sentimita 65 kutoka ardhini ikishushwa hivyo, mstari wake unagusa barabara mita 65 mbele. Ikishuka sentimita 20, umbali huo unakatika nusu. Nyuma ya taa huwa kuna skrubu au kijigurudumu cha plastiki cha kurekebisha. Kizungushwe kidogo kidogo, upande mmoja kwanza, taa ya pili ikiwa imefunikwa kwa koti.

Hapo ukutani patazamwe jambo la pili: mstari unapanda upande gani? Kenya huendesha kushoto, kwa hiyo mstari wa dimu hulala sawa upande wa kulia, ambako magari yanatoka, na kupanda kidogo kushoto ili kumulika ukingo na waendao kwa miguu. Gari lililotoka Japani lina taa sahihi, kwani nao huendesha kushoto. Shida huja mtu anapobadilisha taa nzima. Taa za mitumba na mpya huingia nchini kutoka pande zote, na ile iliyotengenezewa nchi zinazoendesha kulia hupandisha mwanga kulia, moja kwa moja kwenye kioo cha anayekuja. Inaingia kwenye gari bila shida, skrubu zinashika, na hakuna anayejua hadi usiku. Kama taa ina alama ya herufi E ndani ya duara, itazamwe chini yake. Mshale unaoelekea kulia kwa mtu aliyesimama akiitazama taa ni wa nchi zinazoendesha kushoto. Mshale wa pande mbili unafaa kote. Ikiwa kuna E bila mshale wowote, taa hiyo isinunuliwe. Taa za Japani mara nyingi hazina alama hiyo kabisa, na hapo mnunuzi aombe iwashwe kwa betri mbele ya ukuta wa duka. Muuzaji akikataa, maduka ni mengi.

Taa nzima hununuliwa bakuli likiwa limebabuka au limepoteza mng'ao, maana hilo halisuguliki. Mpya ya kiwanda ni ghali, na ya mtumba yenye bakuli safi huwa chaguo la busara kuliko mpya ya kuiga ambayo mstari wake ni wa mawimbi. Nani ameona mstari wa mwanga unaopinda kama Mto Nzoia? Wengi, kwa taa za kuiga.

Halafu kuna mahindi. Katika Trans Nzoia, ukifika msimu wa mavuno, Corolla hugeuka pikapu. Gunia la mahindi ni kilo 90. Mawili kwenye buti yanaketisha nyuma na kuinua pua, na pua ikiinuka digrii moja tu, mstari ule wa ukutani unapanda sentimita 17 hivi. Taa iliyokuwa imepangwa sentimita 10 chini sasa iko sentimita 7 juu ya kimo chake, na kila anayekuja anapiga fulu kwa hasira, naye mwenye gari anashangaa wana nini. Baadhi ya magari yana kijigurudumu cha kushusha taa karibu na usukani, kimeandikwa 0 hadi 3 au 4, na wengi hawajakigusa tangu wanunue gari. Kikigeuzwa kwa mzigo, kirudishwe sifuri mzigo ukishuka. Asiye nacho abebe mzigo mchana.

Ukungu wa alfajiri karibu na Kitale hauhitaji taa kali. Fulu kwenye ukungu humrudishia dereva ukuta mweupe. Dimu, mwendo wa pole, na kama gari lina taa za ukungu zilizo chini ya bampa, ziwashwe hizo na zizimwe ukungu ukiondoka. Iwapo mwalimu ana hamu sana ya kuongeza taa, jozi ya taa za ukungu nzuri, zenye mwanga mpana na mstari mkali, ndiyo nyongeza pekee isiyo na ubishi.

Pesa za mwalimu basi ziende hivi: msasa, polishi na utando wa kinga, kisha fundi, rilei na waya, kisha balbu mbili za halojeni. Ukuta wa shule ni wake bure jioni wanafunzi wakiondoka. Balbu za zamani zinazowaka bado azifunge kwa kitambaa aziweke kwenye kisanduku cha dashibodi, pamoja na fyuzi mbili za kipimo kilekile. Balbu ikizimika Lugulu saa nne usiku, duka la karibu litakuwa limefungwa.